Kutoka Kifua hadi Mgongo

Nilizaliwa Malindi ya mji wa Unguja, jirani na bandari, na mtu mwenye nguvu wa kwanza kumjua alikuwa babu yangu, hamali wa karafuu. Hakuwa na kifua kipana. Alikuwa mkavu wa mwili, shingo nene, mapaja magumu, na mgongo wake ulibaki wima mpaka uzeeni. Alipotusimulia mgomo wa 1948, ule ulioanza kwa wafanyakazi wa bandarini ukaenea mji mzima, hakukosa kueleza namna ya kuinua gunia: kunja magoti, gunia likae karibu na mwili, funga pumzi tumboni, kisha simama kwa miguu, kiuno kisiguswe. Maneno hayohayo nayarudia mimi sasa ufukweni Paje, mbele ya vijana wanaojifunza kupanda upepo kwa kaiti na ubao, na wachache wao wanaotoka nje ya mwamba kutafuta mawimbi.

Nguvu zangu mimi zilianzia kwenye ukuta wa bahari wa Forodhani. Siku za bamvua maji ya mji hujaa kiasi cha saa kumi, saa kumi na nusu jioni, watoto wameshatoka chuoni na jua limepunguza ukali. Tofauti ya maji kupwa na kujaa siku hizo hufika karibu mita 4, kwa hiyo ukuta unaorukiwa jioni ndio uleule ambao saa chache nyuma mawe ya chini yake yalikuwa nje. Wakubwa walilijua kila jiwe. Hawakumruhusu mdogo kujirusha makachu mpaka awe ameruka wima mara nyingi kutoka ngazi ya chini, ajue maji yanavyompokea. Ndipo alipoonyeshwa: unakimbia, mguu mmoja unakita ukingoni, magoti yanakuja kifuani, mwili unazunguka hewani na kufunguka kabla ya kugusa maji. Wageni walipiga picha za mzunguko. Sisi tulitazama mguu unavyokita na tumbo linavyokazwa, maana hapo ndipo mruko ulipoharibika au kufana. Na kila mruko ulikuwa na kurudi kwake: kuogelea hadi ukutani, kisha kujivuta juu kwa vidole na mikono. Jioni moja ya namna hiyo ilikuwa na mazoezi ya miguu, tumbo na mgongo kwa pamoja, na hakuna aliyeyaita mazoezi.

Vyuma vilikuja baadaye, vikiandamana na vibanda vya video. Baada ya kuwatazama Schwarzenegger na Van Damme, kila mtaa ulitaka kuwa na uwanja wake. Wetu ulikuwa uani kwa rafiki yangu, Kikwajuni: bomba la maji lenye makopo ya maziwa yaliyomiminiwa saruji kwenye ncha zake, ekseli ya lori, benchi la mbao na kipande cha kioo ukutani. Tulipiga kifua na mikono. Mgongo hauonekani kwenye kioo na miguu hufunikwa na suruali, kwa hiyo hivyo viwili vilipata zamu za mwisho, au havikupata kabisa. Hata hivyo uani ule nauheshimu mpaka leo. Ile ndiyo miaka unga ulipoingia mitaani kwetu, na wapo wenzetu ambao bomba lile la saruji liliwapa pa kwenda kila jioni. Pembeni yetu vilikuwapo vikundi vya mazoezi vya alfajiri, vya kukimbia na kunyoosha viungo, watu wazima kwa vijana, wake kwa waume. Ndivyo ambavyo kila Januari 1 hufanya matembezi. Sisi wa vyuma tuliviona vya wazee. Wao ndio waliokuwa wakifanya kitu ambacho kingetufaa baharini.

Disemba 2009 umeme unaotoka bara ulikatika, na Unguja nzima ikakaa gizani hadi Machi 2010. Nilikuwa nauza samaki wa barafu, na bila umeme hapana barafu. Nikapanda gari la Jambiani, namba 309, nikashuka Paje, ambako kaskazi lilikuwa limeshika na kazi ya kaiti haikuhitaji umeme wala barafu. Nilianza kwa kujaza kaiti upepo kwa pampu ya mkono, kuzidaka zinaposhuka, kufua na kuanika. Baadaye nikapewa ubao.

Hapo ndipo vijana wa vyuma kutoka mjini tulipojulikana. Tulichoka mapema kuliko watoto wa kijiji wenye nusu ya uzito wetu. Sababu yake ni rahisi ukishaielewa. Kamba za kaiti hushikizwa kwenye mkanda mpana wa kiunoni. Nguvu ya upepo inapita nyongani, inashuka mapajani, inaishia visiginoni vinavyouelemea ubao. Mikono kazi yake ni kuongoza. Ukijaribu kuuvuta upepo kwa mikono, misuli ya chini ya viwiko hujaa, vidole hufunguka vyenyewe, na kaiti inakuongoza wewe.

Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitazama kutoka kivulini aliniita.

“Mwanangu, wewe unashindana na upepo kwa mikono?”

“Ndiyo nijifunzavyo, mzee.”

“Kaa chini. Utundike mwili, mgongo ufanye kazi.”

Kesho yake alinipakia kwenye ngalawa yake. Upepo ulipozidi alisimama juu ya mrengu wa upande wa joshini, kamba mkononi, nyayo zimekita, magoti yamelegea, kiwiliwili chote kimelala nje juu ya maji ili chombo kisipinduke. Ulikuwa mkao uleule wa kaiti. Wavuvi wa pwani hii walikuwa nao tangu enzi, na hakuna aliyewahi kuja kwao na daftari kuandika wanavyojitunza wasiumie. Naliona jambo hilo kuwa hasara kubwa, na ndilo hasa lililonifanya nianze kutazama miili ya watu wa Paje kwa makini zaidi kuliko nilivyotazama ile ya kwenye video.

Kina mama wa mwani, kwa mfano. Kilimo cha mwani kilishika pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, na kazi yake hufuata bamvua: maji yanapotoka mbali kabla ya adhuhuri, wanatembea hadi kwenye vigingi, wanainama kufunga miche kwenye kamba, kisha wanarudi na viroba vya mwani mbichi vinavyovuja maji. Tazama wanavyoinama. Mwenye miaka mingi kazini huvunjia nyongani, mgongo umenyooka, magoti yamelegea kidogo. Anayeinamia kiunoni huacha kazi mapema kwa maumivu. Kule kuvunjia nyongani ndio mwendo wa kuinua chuma kutoka chini, zoezi ambalo uani kwetu Kikwajuni hatukuligusa, na ndilo ninaloanza nalo kwa kila mwanafunzi, iwe kwa kiroba cha mchanga au dumu la maji.

Kwa wanaopanda mawimbi bila kaiti mambo yako begani zaidi. Watafiti waliowapima wapanda mawimbi wakiwa majini walikuta takriban nusu ya muda hutumika kupiga makasia kwa mikono, mtu amelala kifudifudi juu ya ubao. Muda mwingine mwingi ni kungoja, na kuwa juu ya wimbi lenyewe hakufiki hata asilimia 10. Mikono husukuma maji maelfu ya mara kwa mwendo mmoja. Misuli ya kifuani na ya mbele ya bega hukaza na kufupika, ile midogo inayolishikilia bega kwa nyuma inabaki dhaifu, na fundo la bega linaanza kusaga. Ukimwongezea mtu wa namna hiyo benchi la kifua, unazidisha ugonjwa wake. Kinachomfaa ni kuvuta: kujivuta juu ya tawi au mti wa goli, kuvuta tyubu ya baiskeli iliyofungwa mnazini huku mabega yakibanwa nyuma, kuizungusha tyubu hiyo polepole kwa nje viwiko vikiwa mbavuni. Zoezi hili la mwisho halina sifa. Halimtoi mtu jasho wala halimpi picha ya kutuma kwa mchumba, na vijana hulikimbia. Nimewaona wale walioendelea nalo wakimaliza kusi zima bila kushika bega.

Yako pia mazoezi ya pumzi, ambayo ndiyo hunitia hofu zaidi. Vijana wameona kwenye simu wapanda mawimbi wa Hawaii wakikimbia chini ya maji wamekumbatia mawe, wakataka kufanya hivyo kwenye kina kifupi cha ndani ya mwamba. Jiwe lenyewe si tatizo. Tatizo ni kuhema haraka haraka kabla ya kuzama: hewa chafu hupungua mwilini, ile hamu ya kuvuta pumzi inachelewa kuja, na mtu huzimia chini bila onyo. Kwetu sharti ni mwenzako awe juu ya maji, macho yake kwako, na hapana kuhemea haraka. Asiyekubali sharti haingii.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Hakuna nyumba Unguja isiyokuwa na jina la kulilia. Baada ya msiba ule sikuweza tena kuzitazama nguvu za majini kama mchezo wa wavulana peke yao. Wanawake wa visiwani, waliozaliwa mita chache kutoka baharini, wengi hawakuwahi kufundishwa kuogelea. Huko Nungwi mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea, wakiwa wamevaa mavazi ya stara ya kuogelea. Picha alizowapiga mpiga picha Anna Boyiazis mwaka 2016 zilishinda nafasi ya pili katika kundi lake kwenye tuzo za World Press Photo za 2018. Kwetu Paje wazazi walitaka uhakika wa mambo mawili: mwalimu mwanamke, na saa isiyogongana na chuo. Walipoyapata, mabinti walikuja. Wengi wao walikuwa na nyonga na migongo ya kubeba mwani tangu udogoni, na kwenye ubao walinyooka upesi kuliko kaka zao waliokuwa wakitoka kwenye vyuma.

Mashindano ya kaiti yalipoingia Olimpiki ya Paris 2024 niliulizwa kama mtoto wa Paje anaweza kufika huko. Mwili anao. Anachokosa ni chombo cha mashindano chenye bei kubwa, na mtu wa kumpangia mwaka wake: lini ajenge nguvu, lini apumzike, lini aingie majini kila siku. Hilo la pili tunaweza kulifanya wenyewe, kwani upepo wetu umeshaupanga mwaka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, kaskazi likiwa limekwisha na kusi halijatulia, ndiyo miezi ya kuinua, kuvuta na kuogelea mbali. Kusi likishika Juni tunapunguza uzito wa nchi kavu, tunabaki na tyubu na tumbo mara mbili kwa wiki, kazi nyingine yote inafanywa na maji.

Kabla ya kusi kushika kuna mtihani mmoja. Kila mwanafunzi, wa kike na wa kiume, hupelekwa kwa ngalawa hadi karibu na mwamba maji yakiwa yamejaa, akarudi pwani kwa kuogelea bila kaiti, ubao wake anauvuta mwenyewe, ngalawa ikimfuata. Anayeshindwa hupakiwa, hupewa chai, na kwa wiki mbili zaidi anaendelea na tyubu na kuogelea, kisha anarudi kujaribu.