Tatisiksi: Kumtafuta Babu katika Kumbukumbu za Vita

Makala haya si ya kihistoria, ingawa yanahusu vita. Wala si uchambuzi wa kiisimu kwa maana iliyozoeleka katika kurasa hizi, ingawa yanaanzia kwenye neno moja. Neno lenyewe ni tatisiksi. Katika ukoo wetu, kijijini nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, lilichukuliwa kuwa jina la mahali. Babu yangu mzaa baba alipoulizwa alikuwa wapi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijibu, "Tatisiksi." Baba zangu wadogo waliamini kuwa huo ni mji wa Burma. Shangazi mmoja alishikilia kuwa ni jina la ofisa wa Kizungu. Mimi nililicheka tu.

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la tano, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha upatanisho wa kisarufi. Jioni moja babu alikuwa akifukia majani chini ya udongo kutengeneza matuta ya duara ambayo kwetu huitwa intumba. Wageni wawili walikaa kando, naye akawa anawasimulia vita kwa Kiswahili, kwa kuwa mmoja wao hakujua Kifipa. Alisema: "Mvua mingi. Sisi hapana ona jua. Watu nakufa, hapana risasi, homa." Nikamkatiza mbele ya wageni: "Si mvua mingi, babu. Ni mvua nyingi. Na si hapana ona, ni hatukuona." Alinitazama, akasema, "Haya, mwalimu," akaendelea na jembe lake. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akizungumzia vita kwa Kiswahili. Alizungumza kwa Kifipa na wazee wenzake, na nilipokaribia waligeuzia maneno kwenye maharage na ulezi. Alifariki mwaka 1988.

Nilipoanza kumtafuta katika maandishi nilikuwa tayari na shahada ya uzamivu, na nilidhani kazi ingekuwa nyepesi. Takriban Watanganyika 87,000 walitumikia jeshi la Uingereza katika vita vile. Sikuona sababu ya mmoja wao kukosekana. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kililiwa na mchwa. Ilibaki Nyota ya Burma, ya shaba, yenye ncha sita. Nyota hizo Waingereza walizigawa bila kuchonga jina la mtu, na ya babu iko hivyo hivyo: nyuma ni tupu.

Jina lake lina l mbili. Karani aliyezoea r angeweza kuliandika kwa namna nne, na nikizingatia irabu, zaidi ya hapo. Nilitafuta zote. Nyaraka za utawala wa kikoloni nilizozisoma Dar es Salaam zilinipa hesabu za walioandikishwa, si majina. Orodha za makaburi ya vita zina majina, na mnara ulioko katika makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, umeandikwa takriban watu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana, wakiwamo askari wa Keya. Lakini babu alirudi hai. Aliyerudi hai hakuandikwa ukutani.

Ufumbuzi ulitoka darasani. Nilikuwa nikiandaa mhadhara juu ya utohozi, nikitafuta mifano ya tarakimu za Kiingereza katika vinywa vya wasemaji wa lugha za Kibantu. Sauti ya th, kwa asiyekuwa nayo katika lugha yake ya kwanza, huweza kuwa t. Irabu ndefu ya kati huwa a. Neno linaloishia kwa konsonanti huongezewa irabu. Thirty-six. Niliweka kalamu chini. Tatisiksi haukuwa mji wala Mzungu, bali batalioni ya 36 ya Keya, batalioni ya Tanganyika. Babu alikuwa ametupa marejeo kamili kwa muda wote ule, nasi tukayafanya kichekesho.

Batalioni hiyo ilikuwa katika Brigedi ya 26 ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw katikati ya masika ya mwaka 1944, hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba. Shajara za vita za majeshi yaliyopigana huko zimehifadhiwa Kew, London, katika mfululizo wa WO 172. Nilizisoma kwa siku tatu. Maofisa wametajwa kwa majina. Askari ni tarakimu, ikifuatiwa na kifupisho AOR: mmoja ameuawa, wanne wamejeruhiwa, kadhaa wamepelekwa hospitali kwa homa. Na mvua! Ukurasa baada ya ukurasa, mvua, tope, njia zilizozama. Mwandishi wa shajara na babu yangu walisema jambo lile lile, kila mmoja katika lugha ya kazi yake.

Ya babu iliitwa Kikeya. Mutonya na Parsons waliichambua mwaka 2004, na yeyote atakayesoma uchambuzi wa aina hiyo ataona kuwa zile sentensi tatu za babu zina utaratibu: hapana ndicho kikanushi, kitenzi hakibebi kiambishi cha nafsi, kivumishi hakifuati ngeli. Ndiyo lugha iliyomwezesha Mfipa kuelewana mtaroni na mtu wa pwani na ofisa kutoka Uingereza. Nilichokisahihisha hakikuwa kosa.

Mnara wa Askari, uliosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 kwa ajili ya vita vilivyotangulia, umeandikwa kwa lugha tatu ahadi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyepigana. Hauna jina hata moja. Mimi jina ninalo. Nililolikosa ni simulizi. Katika daftari langu nimeziandika zile sentensi tatu, kwa tahajia niliyoisikia, pamoja na tatisiksi. Wageni wale nao wamekwisha kufariki. Mmoja wao, nakumbuka, alikuwa amefungua kinywa kumwuliza babu kitu nilipomkatiza.