Tuijue Rumonge, mji wa mawese na mukeke

Toleo hili tunawatembeza Rumonge. Sisi walimu tumeuchagua mji huu kwa sababu watoto wengi darasani wana jina hilo kwenye karatasi za wazazi wao, lakini ukiwauliza Rumonge iko wapi, wanaonyesha njia ya kwenda bombani. Hawana kosa, wamezaliwa hapa.

Haya basi. Ukitoka Bujumbura ukashika barabara namba 3 kuelekea kusini, ziwa liko mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto. Unapita Kabezi, Magara na Minago, na baada ya km 70 hivi umefika. Ukizidi kwenda mbele unakuta Nyanza-Lac, halafu mpaka wa Tanzania. Nchi hiyo nyembamba kati ya mlima na maji ndiyo Imbo. Joto lake ni kali, na ndilo linalopendwa na mchikichi.

Kwa mchikichi Rumonge haina mpinzani Burundi nzima. Mikungu inakatwa, matunda yanapukuchuliwa, yanachemshwa na kukamuliwa, mawese mekundu yanatoka. Hata kokwa haitupwi, nayo ina mafuta yake ya kutengenezea sabuni. Mama aliyekulia kule akinusa mawese kwenye soko la hapa kambini anajua mara moja kama yamechanganywa!

Ziwa Tanganyika lina urefu wa km 673 na kina cha mita 1,470. Duniani kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Wavuvi wa ndagala wanatoka usiku wa giza na taa zao, samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazina kazi, basi watu wanabaki nchi kavu kushona nyavu. Na mukeke je? Huku Tanzania wanamwita mgebuka. Watoto wetu walidhani ni samaki wawili, kumbe ni yule yule mmoja.

Kiswahili nacho kilifika zamani, karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara wa upande wa Ujiji. Mpaka leo kuna mtaa mjini unaoitwa Swahili.

Sasa tunafika pagumu. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac wakaua watu, wengi wao Watutsi. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, walimu, wanafunzi, wafanyakazi, hata wakulima. Wanaotoa makadirio wanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Tunaandika yote mawili kwa sababu familia zinazosoma ukurasa huu zina marehemu wa pande zote.

Waliookoka wengi walivuka kuja Tanzania wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba hayakubaki matupu. Mengine walipewa watu wengine, mengine yaliingia kwenye michikichi iliyopanuliwa na serikali. Walioanza kurudi walikuta mtu ameshazaa na kuzika watoto pale. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea kesi nyingi sana toka Rumonge, na mara nyingi kila upande ulikuwa na haki yake ya kulilia.

Ndiyo maana tunawaomba wazazi muangalie jambo hili la majina. Aliyekimbia zamani karatasi yake inasema mkoa wa Bururi. Mwezi Machi 2015 Rumonge ikawa mkoa wenyewe, na wiki chache baadaye wengi wetu tulikuwa Kagunga ufukweni, na kipindupindu, tukingoja meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ikapunguzwa kuwa mitano, na Rumonge sasa imo ndani ya Burunga. Nyumba ile ile, mikoa mitatu! Mtoto akishika jina la mkoa peke yake anaweza kupotea. Mfundisheni kilima, mtaa, mto ulio karibu kama ni Dama au Murembwe, na majina ya majirani wa kila upande wa shamba.

Tena ziwa lenyewe limehama. Kuanzia mwaka 2018 maji yalipanda, na mwaka 2021 na 2024 yaliingia mpaka ndani ya nyumba za ufukweni. Aliyeondoka 2015 asitegemee kukuta mchanga wote aliouacha. Kama kuna mzazi anayekumbuka vizuri mstari wa nyumba za kando ya maji ulivyokuwa, tunamwomba apite darasani baada ya masomo atuchoree. Karatasi kubwa na kalamu tunazo.