Kutoka Mwanza kwa Tiketi Mbili

Nilisafiri kutoka Mwanza hadi Amsterdam kwa tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali: ya kwanza ya ndege ya ndani hadi Dar es Salaam, ya pili ya shirika la Ulaya kuanzia Dar. Uholanzi nilikwenda kikazi, kazi ikaisha, nikarudi. Kilichonishughulisha njia nzima ni lebo ya begi. Mwenye tiketi mbili akifika kaunta ya Mwanza, begi lake hubandikwa herufi tatu tu, DAR, hata akieleza kwamba usiku uleule anavuka bahari na kuionyesha tiketi ya pili. Jambo hilo huudhi, na mimi liliniudhi, kwa sababu msafiri anajiona yuko kwenye safari moja. Lakini kwa kulitafakari nimeona kwamba herufi zile tatu ndizo zinazoeleza hali halisi. Safari yangu ya kwanza ilikuwa inaishia Dar. Aliyekuwa na safari ya kwenda Amsterdam ni mimi peke yangu. Shirika la ndani halikuwa na habari nayo, na shirika la Ulaya halikujua kwamba ninatokea Mwanza.

Tiketi ni mkataba, na shirika hudaiwa kumfikisha msafiri pale tu palipoandikwa kwenye mkataba huo. Mwenye tiketi moja kutoka Mwanza hadi Amsterdam akicheleweshwa kwenye kipande cha kwanza, mzigo wa kumtafutia ndege nyingine ni wa shirika. Mwenye tiketi mbili akichelewa, shirika la pili huona kiti kitupu na jina la mtu ambaye hakufika. Hapo ndipo penye hatari kubwa ambayo wengi hawaihesabu. Mashirika mengi yana kanuni kwamba abiria asipotokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi yake, vipande vyote vinavyofuata hufutwa, pamoja na vya kurudi. Kwa hiyo ndege ya mwendo wa saa moja na nusu kutoka Mwanza ikichelewa kwa saa tatu, haiharibu usiku mmoja tu. Inaweza kufuta kwenda na kurudi, na pesa yote ya tiketi kubwa ikapotea kwa kosa ambalo mwenye tiketi hakulitenda.

Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere wa Dar wenyewe unaongeza uzito wa jambo hili. Ndege za ndani za mashirika makubwa hutua jengo la pili, na za kimataifa huondokea jengo la tatu lililofunguliwa mwaka 2019. Ni majengo mawili yaliyoachana, si milango miwili ya ukumbi mmoja. Abiria wa tiketi mbili husubiri begi lake, hutoka nje, hutafuta gari la kumzungusha, kisha hupanga foleni upya kama mtu aliyetoka nyumbani Sinza. Mashirika mengi ya kimataifa hufunga kaunta saa moja kabla ya ndege kuondoka. Mtu akisema ana nafasi ya saa nne kati ya ndege moja na nyingine, aondoe kwanza ile saa ya kaunta, aondoe muda wa kusubiri begi na wa kuhama jengo, aondoe foleni. Kinachobaki hakizidi saa mbili, na ndege ya ndani kuchelewa kwa saa mbili si habari ya kushangaza mtu. Ndege moja huzungushwa Dar, Mwanza, Dar, Kilimanjaro na kurudi siku nzima, na kila kuchelewa kwa asubuhi hurithiwa na safari za mchana na jioni. Ndiyo maana anayelazimika kuunganisha siku ileile ni heri apande ndege ya kwanza kabisa ya asubuhi, ambayo haijarithi kuchelewa kwa safari za kabla yake, na ambayo ikifutwa bado kuna nyingine nyuma yake.

Wapo watakaosema sheria ipo, msafiri ataidai. Ipo kweli, lakini huwalinda watu wa tiketi moja kuliko wa tiketi mbili. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama, unalifanya shirika liwajibike kwa hasara inayotokana na kuchelewa katika safari ya kimataifa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilifanya kila lililowezekana kuizuia. Kikomo chake tangu mwisho wa mwaka 2024 ni SDR 6,303 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, ambazo ni zaidi ya dola 8,000 za Marekani. Ila mkataba huo hukihesabu kipande cha ndani kuwa sehemu ya safari ya kimataifa pale tu pande zote zilipokichukulia kuwa sehemu ya shughuli moja. Kwenye tiketi moja, Mwanza hadi Dar ni sehemu ya safari ya Ulaya. Kwenye tiketi yake peke yake, ni safari ya ndani kama ya mtu anayekwenda Kariakoo kuchukua mzigo, na aliyekuuzia hakuambiwa wala kukubali vinginevyo.

Ulaya nako wamefuata njia hiyohiyo. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria fidia ya hadi euro 600, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imeamua zaidi ya mara moja kwamba kuchelewa hupimwa mwisho wa safari iliyokatwa kwa pamoja. Mwaka 2018 iliamua hivyo kwa abiria wa Berlin aliyekwenda Agadir kupitia Casablanca. Mwaka 2019 ikaamua hivyo kwa waliotoka Prague kwenda Bangkok kupitia Abu Dhabi, ingawa ndege iliyochelewa ilikuwa ya pili, ya shirika lisilo la Ulaya, iliyokuwa ikiruka nje kabisa ya Ulaya. Nikiitazama safari yangu ya kurudi kwa jicho hilo, tofauti ni kubwa. Ndege ya Ulaya ikitua Dar kwa kuchelewa saa mbili, na kwa sababu hiyo msafiri akalala Dar na kufika Mwanza kesho yake, mwenye tiketi moja amechelewa kwa siku nzima na anaweza kudai. Mwenye tiketi mbili amechelewa saa mbili, na saa mbili hazifikii kiwango cha saa tatu kinachotakiwa.

Hoja nzito zaidi ni ya bei, na siipuuzi. Tiketi mbili mara nyingi ni nafuu. Isitoshe, kwa mtu wa Songea, Kigoma au Pemba huenda pasiwe na uchaguzi, ikiwa shirika linalomfikisha Dar halina makubaliano ya kuuza pamoja na lile linalomvusha nje. Mtu huyu hakufanya ubahili. Kwake swali si kama atumie tiketi mbili, bali atazipangaje. Na hata mwenye uchaguzi anaweza kuzitumia kwa busara, mradi aelewe anachonunua. Ile pesa anayoiokoa si punguzo. Ni malipo anayojilipa mwenyewe kwa kubeba hatari ambayo shirika lingeibeba. Basi aipime dhidi ya gharama yenyewe: bei ya tiketi mpya inayonunuliwa siku ileile, wakati viti vya bei nafuu vimekwisha, pamoja na kipande cha kurudi kilichofutwa. Kusema kwamba mara nyingi hakitokei kitu hakutoshi. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma Nairobi. Tarehe 21 Machi 2025 moto kwenye kituo cha umeme ulifunga Heathrow. Tarehe 23 Juni mwaka huohuo anga la Qatar lilifungwa. Siku za namna hiyo ni chache, lakini ndizo zinazoamua kama akiba ya tiketi kumi ilikuwa akiba.

Lakini hatari haiko sawa pande zote mbili, na hapa ndipo hasira yangu ilipotulia. Wakati wa kwenda, tiketi ndogo inaitishia tiketi kubwa. Wakati wa kurudi, tiketi kubwa inaitishia ndogo. Anayekosa ndege ya Mwanza akitokea Amsterdam amepoteza nauli ya ndani. Atalala kwa ndugu, atapanda ndege ya kesho, au atakwenda kituo cha mabasi cha Magufuli kupanda basi, na mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu mwaka 2023. Anayekosa ndege ya Amsterdam akitokea Mwanza hana basi la kumwokoa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kugawa tahadhari sawasawa. Pesa na muda viwekwe upande wa kwenda: afike Dar siku moja kabla. Usiku mmoja wa nyumba ya wageni Dar, au wa sebuleni kwa shangazi, ndiyo bima ya kweli ya tiketi mbili, na ni rahisi kuliko chochote kitakachonunuliwa kaunta ya jengo la tatu saa nne usiku. Msafiri wa Dodoma sasa ana njia ya ziada, kwa kuwa treni ya SGR imemfikia tangu mwaka 2024. Mtu wa Mwanza yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar, na kwake siku hiyo moja haina mbadala.

Bima za safari zinazouzwa ni msaada, ila zisomwe kabla ya kulipiwa. Nyingi hulipa kuchelewa kwa kuondoka mara ya kwanza kutoka nyumbani, na zinazolipa kukosa ndege ya kuunganisha mara nyingi hutaka pawe na nafasi ya saa fulani kati ya ndege mbili, au huziacha nje tiketi zilizokatwa mbalimbali.

Kuna jambo la pasipoti pia, kwa wanaounganisha tiketi zao mbili Ulaya, mathalani moja hadi Amsterdam na nyingine kutoka hapo hadi Toronto. Begi lililoishia Amsterdam linachukuliwa upande wa ndani, baada ya uhamiaji, na Mtanzania hapiti uhamiaji wa Schengen bila viza ya Schengen. Kwenye tiketi moja angebadilisha ndege bila kutoka eneo la kimataifa. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anaweza kuwa na ugumu zaidi, kwa maana nchi yake imo kwenye orodha ya zile ambazo raia wake huhitaji viza hata kwa kubadilisha ndege tu, isipokuwa wakiwa na viza halali ya nchi kama Kanada. Kusafiri na mkoba wa mkononi peke yake hupunguza tatizo, lakini mtu anayehamia Toronto kwa masomo hawezi kufungasha miaka minne kwenye kilo saba.

Lililobaki kunikera ni wauzaji. Wakala anaweza kuweka tiketi mbili kwenye karatasi moja, zenye namba moja ya bukingi, na mteja akaondoka akiamini ana safari moja. Namba ya bukingi haithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni namba ya tiketi yenyewe, ambayo ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja shirika lililoitoa: 074 ni KLM, 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian. Namba ikiwa moja kuanzia mji wa kwanza hadi wa mwisho, ni mkataba mmoja. Vipande viwili vikiwa na namba zenye mianzo tofauti, ni mikataba miwili, hata kama vimelipiwa kwa risiti moja. Mwaka 2022 mahakama ileile ya Ulaya iliamua kwamba safari iliyounganishwa na wakala na kuuzwa kwa bei moja kwenye tiketi moja ihesabiwe kuwa moja, ingawa mashirika yaliyoruka hayakuwa na uhusiano wa kisheria baina yao. Kwetu mnunuzi hana kinga iliyo wazi kiasi hicho. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wizara zinazohusika ziwalazimishe wauzaji wote, wa ofisini na wa mtandaoni, kuandika kwa Kiswahili juu ya kila risiti kama tiketi ni moja au mbili, kabla mteja hajatoa pesa.