Kipande cha kijani

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na usiku ule Mnazi ilikuwa na joto lake la kila siku. Mama yake alimlaza karibu na dirisha, akachovya kitambaa kwenye maji ya mtungi, akamfuta paji la uso, akamfuta tena. Kisha akatoa kile kipande cha plastiki alicholetewa na shemeji yake kutoka Dar, akakibandika palepale. Namba 37 ikawaka kijani. Akashusha pumzi.

Bibi wa mtoto hakushusha. Alipitisha mkono nyuma ya shingo, akashika tumbo, akamalizia na nyayo. Zilikuwa za baridi.

"Mwanangu, huyu anaungua ndani. Vaa kanga twende."

"Mama, si umeona mwenyewe? Thelathini na saba."

"Nimeona. Vaa kanga."

Shemeji, mwanafunzi wa kemia chuo kikuu, alisimama katikati yao. Zawadi ilikuwa yake. Akakishika kile kitambaa kilicholowa, akaelewa, na aibu ikampanda. Hakusema neno. Alitoka kwenda kumgongea jirani mwenye bodaboda.

Zahanati, kipimajoto cha kwapani kilisoma 39.4. Kidole kikatobolewa, mistari miwili ikatokea, dawa ya mseto ikaanza usiku uleule. Huku tambarare, chini ya milima ya Usambara, malaria haisubiri kupambazuke.

Asubuhi mama wa mtoto aliuliza bila kumtazama: "Shemeji, kile kitu kilinidanganya?"

Alichukua kamba ya katani iliyofungiwa mbuzi. Ndani ya kile kipande, alieleza, mna fuwele za majimaji: vitu vinavyotiririka kama maji lakini chembe zake zimejipanga, na mpangilio wenyewe umejisokota kama kamba hii. Joto likibadilika, msokoto hukaza au kulegea, na rangi ya mwanga unaorudishwa hubadilika nao. Kila namba ina mchanganyiko wake, unaowaka kwenye joto lake tu. Kwa hiyo hakikudanganya. Kilipima ngozi, na ngozi ilikuwa imetoka kupozwa kwa maji. Hata bila kitambaa, homa inapopanda mtoto akatetemeka, damu huikimbia ngozi, naye akaonekana mzima kwa nje.

"Na haya yalianzia wapi?" aliuliza bibi.

"Kwenye karoti."

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Karoti za Lushoto anazijua, zinashuka kutoka mlimani kila msimu. Lakini ni kweli. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea huko Prague, Friedrich Reinitzer, alikuwa akichunguza kolesteroli ya karoti. Kitu alichokitengeneza kutokana nayo kiliyeyuka kwenye nyuzi 145 kikawa majimaji ya ukungu, na ukungu huo ukaondoka kwenye nyuzi 178. Kuyeyuka mara mbili! Leo uso wa kikokotoo cha dukani unatumia fuwele za namna hiyo, na maabara zinatengeneza mpira uliochanganywa nazo, unaojikunja ukipata joto na kunyooka ukipoa, kama msuli. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1991, ndiye aliyependekeza misuli ya namna hiyo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Huo mpira wenu," alisema, "mkiumaliza, muufundishe kushika nyayo."

Siku ya tatu mtoto aliomba uji mwenyewe. Shemeji alirudi Dar, akaahidi kutuma kipimajoto cha kwapani, na akakituma.

Kile kipande hakikutupwa. Kimechomekwa ukutani, juu karibu na bati. Saa saba mchana kinawaka 38, na hakuna kichwa cha mtu chini yake.