Wimbi la Busua

Ijumaa moja ya Agosti basi dogo liliondoka Accra alfajiri, likashika barabara ya pwani kuelekea magharibi. Jua lilipokuwa utosini abiria mmoja akateremka njia panda ya Agona, akakodi teksi ya kumfikisha Busua. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa visiwa vya Bahari ya Hindi, aliyekuwa na siku mbili na nusu tu kabla ya kurudi kwenye shughuli iliyompeleka Ghana. Hakwenda kucheza. Alikwenda kuitazama bahari nyingine, kama mtu aendaye kumjulia hali jamaa wa upande wa baba ambaye hajapata kumwona.

Aliyoyakuta kwanza yalimchukiza. Vibanda vya kukodisha mbao za kutelezea mawimbini, vijana wa Ulaya waliobabuliwa na jua, na wenyeji wakiwafundisha namna ya kusimama. Akasema moyoni kuwa huu nao ni mchezo ulioletwa kwa ndege. Kiswahili chenyewe hakijaafikiana jina lake: wako wasemao kuteleza, wako wasemao kupanda mawimbi, na hilo la pili lina kiburi, maana wimbi si punda.

Jioni aliingia majini kwa utulivu wa mtu wa pwani asiyehitaji kuelekezwa. Wimbi la tatu likamwangusha, likamzungusha, likamnywesha chumvi. Akatoka kwa magoti. Na hiyo ni ghuba inayosifiwa kwa upole wake! Lakini bahari ya kwao ina miamba ya matumbawe iliyokaa mbele kama ukuta wa ua. Wimbi huvunjika huko nje, na kinachofika mchangani ni mabaki. Pwani ya Ghana haina ukuta huo. Dhoruba za mbali, kusini mwa Atlantiki, huzaa mawimbi yasafiriyo maelfu ya kilomita, na miezi hiyo ya katikati ya mwaka hufika yakiwa na nguvu zake.

"Papa, si hapo," alisema mtoto wa miaka kama tisa, kipande cha ubao chakavu kwapani, akimwonyesha kwa kidole mahali pa kuingilia. Mgeni alitii. Kisha mtoto akalalia ubao wake, akaogelea nje, akangoja. Mawimbi mawili akayaacha yapite, la tatu akarudi nalo hadi mchangani.

Ngojea hiyo ina umri mkubwa. Katika miaka ya 1830 afisa mmoja wa Kiskoti, James Edward Alexander, alipita Accra, akaandika juu ya watoto aliowaona wakiogelea baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi la kuwarudisha pwani. Hawaii ina sifa yake na hapana wa kuinyang'anya. Lakini aliyeshuka Busua na ubao wa kukodi asidhani amewaletea wenyeji bahari yao.

Wala haukuwa mchezo tu. Pwani ile iliishi karne nyingi bila bandari ya kina. Takoradi ilifunguliwa 1928, na Tema 1962. Kabla ya hapo merikebu zilitia nanga mbali, na kila kilichoshuka au kupakiwa kilivushwa kwa mitumbwi, mikononi mwa wapiga makasia waliojua lini wimbi linakubali na lini linakataa. Kilichovushwa kilikuwa dhahabu, nguo, bunduki. Na watu.

Jumamosi alikwenda Dixcove, si mbali na hapo, kwenye ngome nyeupe ambayo Waingereza walianza kuijenga miaka ya 1690. Alisimama juu ya kuta zake akiitazama mitumbwi ya wavuvi chini, yenye rangi kama khanga za sikukuu. Ujuzi ule wa mtoto, kungoja, kuhesabu, kurudi na wimbi, ndio uliowapeleka mateka kwenye merikebu. Bahari haikuuliza kilichomo mtumbwini. Angetaka kuwalaumu wapiga makasia wale, ila alitoka katika visiwa ambavyo majahazi yake nayo yalibeba watu, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873. Baharia wa Unguja aliyeijua pepo ya kaskazi na ya kusi aliijua kwa shehena zote. Jambo hilo mashairi ya bahari hulipita haraka mno, yakikimbilia tanga na mbalamwezi.

Jumapili asubuhi alikaa mchangani kuangalia mitumbwi ikirudi. Mtumbwi wa huko huchongwa katika gogo moja, kisha huongezwa mbao ubavuni. Siku hizi una mashine nyuma, lakini mbele ya wimbi mashine hupunguzwa na watu husubiri. Mmoja ulisubiri sana. Wanawake wenye mabeseni walinyamaza. Kisha nahodha akapaza sauti, mtumbwi ukainuka, ukaja, ukapanda mchanga, na kelele za bei zikaanza kabla samaki hawajateremshwa.

Mtoto wa juzi alikuwa miongoni mwa waliovuta kamba. Ubao wake aliuegemeza kwenye mnazi.

Aliyemuuzia mgeni samaki wa kuoka alimwambia arudi akae hadi Jumanne, siku ambayo sehemu kubwa ya pwani ya Ghana wavuvi hawashushi mitumbwi, bahari inaachwa ipumzike. Teksi ilikuwa tayari imepiga honi.