Kindi na Muuru katika Meru na Embu

Barabara itokayo Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikishuka na kupanda mabonde ya mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Katika safari hiyo si shida kumwona kindi. Mnyama huyu mdogo huamka mchana, akaruka kutoka tawi hadi tawi akitafuta matunda, mbegu na wadudu. Msitu ukikatwa, yeye huhamia katika miti ya shambani, na jamaa zake wamejaa sehemu nyingi za Kenya na Tanzania.

Muuru hauko hivyo. Mti huu ni wa Kenya peke yake, na kwao hasa ni miteremko ya Mlima Kenya upande wa mashariki na kusini. Waingereza waliuita mwaloni wa Meru kwa sababu ya mbao zake, ingawa hauna ukoo na mwaloni. Jani lake limegawanyika mara tano kama vidole vya mkono, na matunda yake huwa meusi yaivapo. Watu huyala, na nyani na ndege pia.

Mbao hizo nzuri, zifaazo milango na meza, ndizo zilizouponza. Mwaka 1998 muuru uliandikwa katika orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini. Mwaka 1999 msitu wa Mlima Kenya ulipokaguliwa kwa ndege, ilionekana kwamba miti ya asili ilikuwa ikikatwa sana bila ruhusa. Na mwaka 2000 msitu huo ukafanywa hifadhi ya taifa.

Lakini ulinzi wa msitu pekee hautoshi. Kindi akifukuzwa huenda kwingine. Muuru hauna miguu, nao ukimalizika hapa hakuna nchi nyingine ya kwenda kuomba mbegu. Hivyo yafaa mkulima aupande mpakani mwa shamba au kati ya kahawa, kama wengi wafanyavyo tayari. Na aokote matunda yaliyoiva, aondoe nyama yake, kisha azipande kokwa kitaluni. Asikate tamaa upesi, kwa maana kokwa ni gumu na huchelewa kuota. Apandaye leo huenda asiipasue mbao yake mwenyewe, bali wajukuu wake watakuwa na mbao, na mbegu pia.