Taa za Ajabu katika Msitu wa Rendlesham

UKISTAAJABU ya Musa utayaona ya Firauni. Wengi wetu tukisikia Uingereza hufikiria jumba la kifalme, baridi kali na kandanda. Lakini mashariki mwa nchi hiyo, katika kaunti ya Suffolk, upo msitu unaovuta wageni kwa sababu nyingine kabisa. Inasemekana chombo kutoka sayari nyingine kiliwahi kutua humo.

Kufika huko si kazi kubwa. Unapanda gari moshi London, katika kituo cha Liverpool Street, na baada ya saa moja na ushei unateremka Ipswich. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi mji mdogo wa Woodbridge, kisha msitu wa Rendlesham. Ni msitu wa misonobari, mahali pa kutembea na watoto na kula chakula mlichofungasha. Miti mingi iliyokuwepo wakati wa kisa hiki iliangushwa na dhoruba ya Oktoba 1987, hata wazee wa huko wakienda siku hizi wanaona msitu mwingine.

Je, ni kisa gani hicho? Mnamo 1980 msitu huu ulipakana na kambi mbili za ndege za kijeshi, Woodbridge na Bentwaters, zilizotumiwa na wanahewa wa Marekani. Usiku wa kuamkia Desemba 26, mwendo wa saa tisa, askari wa doria waliona taa zikishuka msituni. Walidhani ndege imeanguka. Walipoingia kuangalia, waliona mwanga wa ajabu katikati ya miti. Mmoja wao alisema baadaye kwamba alikaribia chombo chenyewe na kukigusa.

Asubuhi yalipatikana mashimo matatu ardhini. Usiku wa kuamkia Desemba 28 naibu kamanda wa kambi, Luteni Kanali Charles Halt, aliingia msituni mwenyewe na vijana wake, akiwa na kinasa sauti na kipimo cha miale. Naye aliona taa ikiwakawaka mbele yake. Januari 13, 1981 alituma barua kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na gazeti moja la London lilipoichapisha mnamo Oktoba 1983, dunia nzima ilijua.

Sasa, msomaji, simama ukingoni mwa msitu utazame upande wa bahari. Kiasi cha kilomita nane kutoka hapo, katika rasi ya Orford Ness, palikuwa na mnara wa kuongozea meli ambao taa yake ilimulika kila baada ya sekunde tano. Msimamizi mmoja wa misitu alipousikia uvumi, aliitambua taa hiyo. Mwandishi wa mambo ya anga, Ian Ridpath, alikwenda kujionea, akaikuta ikimulika kana kwamba imo katikati ya miti. Na katika ukanda wa Halt, sauti zinazotaja mwanga huo zimepishana kwa sekunde tano.

Zile taa za kwanza nazo? Usiku uo huo, wakati huo huo, kimondo kikubwa kilionekana kikipita juu ya kusini mwa Uingereza. Mashimo yalielezwa kuwa ya sungura. Polisi walioitwa waliandika kwamba mwanga pekee walioona ni wa mnara. Hata tarehe ya usiku wa kwanza katika barua ya Halt ilikosewa kwa siku moja.

Je, askari hao walikuwa waongo? La hasha! Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakachagua kati ya kuamini kila kitu na kucheka kila kitu. Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kitu kilikuwepo. Vijana hao walikuwa ugenini, gizani, katika miaka ya uhasama wa Marekani na Urusi, na walitumwa kutafuta hatari. Jicho la mlinzi huona kile alichoambiwa akitazamie. Halt mwenyewe, hata baada ya kustaafu, alishikilia kwamba alichokiona hakikuwa cha dunia hii.

Wala si mara ya kwanza Suffolk kuona maajabu. Karibu na rasi hiyo ipo ngome ya Orford, iliyojengwa na Mfalme Henry wa Pili. Masimulizi ya kale yanasema wavuvi walinasa mtu mwenye manyoya katika nyavu zao, akafungwa ngomeni, akala samaki wabichi bila kutamka neno, kisha akatorokea baharini. Kaskazini zaidi, katika kanisa la Blythburgh, utaonyeshwa mlango wenye alama za kuungua. Inasemekana ni kucha za mbwa mweusi wa shetani aliyeingia ibadani Agosti 4, 1577. Siku hiyo palikuwa na dhoruba ya radi, na watu walikufa kweli.

Kila zama huvisha jambo vazi lake: jana mbwa wa shetani, leo chombo cha angani.

Mnara wa Orford Ness ulizimwa 2013 na kubomolewa 2020 kwa kuwa bahari ilikuwa inaula ufuo. Chombo, ambacho hakikuacha hata msumari, kimechongewa sanamu ya chuma msituni tangu 2014, na familia hupiga picha hapo. Kwa hiyo, mzazi, mtoto akikujia usiku akisema ameona kitu, usimwite mwongo. Chukua tochi, mshike mkono, mwende mkaangalie pamoja.